Herufi za leza: uzijaze, uzizungushe au upitishe mstari mmoja?

Mteja akija na kusema anataka kibao cha mlangoni kilichoandikwa "Karibuni", wengi wetu tunakimbilia kumuuliza anapenda fonti ipi. Mimi siku hizi naanza kwa kujiuliza mwenyewe: leza itaifanya nini hiyo herufi? Itaijaza yote kwa ndani, itaizunguka pembezoni, itapita katikati yake mara moja tu, au itaikata itoke? Sisi tunasoma umbo la herufi, lakini mashine inafuata njia iliyochorewa. Ukishajua njia hiyo, fonti, ukubwa, programu na hata aina ya faili vinajipanga vyenyewe. Ukianza na fonti, utarudia kazi.

Ulinganisho huu ni kwa mwenye mashine ya kawaida ya leza ya gesi ya CO2, au anayeandaa faili na kumpelekea fundi mwenye mashine. Nimeupanga kwa jinsi kazi zinavyokuja.

Kazi moja kwa njia tatu

Kujaza ni ile namna ambayo kichwa cha mashine kinakwenda kulia na kushoto, mstari juu ya mstari, kama printa. Nafasi kati ya mistari ikiwa mm 0.1, inchi moja inabeba mistari 254. Kuzungusha ni kuufanya mwale ufuate ukingo wa herufi, kwa hiyo kila mguu wa herufi unapata mistari miwili na katikati panabaki patupu. Mstari mmoja ni kama kuandika kwa kalamu: mwale unapita pale ambapo mkono ungepita.

Chukua beji ya jina. Maandishi yana upana wa mm 60 na kimo cha mm 6, herufi kama 15 hivi. Ukijaza kwa nafasi ya mm 0.1, ni mistari 60. Kwa mwendo wa mm 200 kwa sekunde, kila mstari unakula sekunde 0.3, ongeza kama 0.15 za kugeuza kichwa: jumla sekunde 27. Ukizungusha, njia nzima inaweza kufika mm 375. Kwa mwendo wa mm 20 kwa sekunde ni kama sekunde 19. Kwa mstari mmoja njia ni kama mm 180, yaani sekunde 9. Kwa beji moja tofauti hiyo si kitu. Zikiwa beji 200 za mkutano unaoanza kesho asubuhi, ni dakika 90, dakika 63 au dakika 30.

Katika kujaza, muda hautegemei herufi ni nene au nyembamba, unategemea kisanduku kinachozizunguka, na kimo chake ndicho kinachouma zaidi. Maandishi yale yale ukiyavunja mistari miwili, yakawa upana mm 30 na kimo mm 12, mistari inakuwa 120 na muda unapanda hadi sekunde 36. Kama nafasi ipo, yalaze.

Kazi ikiwa kubwa, pengo linakuwa la kutisha. Neno la herufi 8 lenye upana wa mm 300 na kimo cha mm 60 linajazwa kwa takriban dakika 16 na nusu. Kulizungusha ni kama dakika 2. Ndiyo maana mabango makubwa ya mbao mara nyingi huzungushwa kisha kupakwa rangi kwa mkono, na mimi naona ni uamuzi wa busara, mradi mwenye kupaka ana mkono uliotulia.

Zaidi ya hapo, kuzungusha peke yake sikupendi kwa herufi ndogo. Chini ya mm 8 hivi ile mistari miwili inakaribiana, jicho linashindwa kujua lisome mstari au lisome nafasi, na jina la mtu linaonekana kama limeandikwa mara mbili. Kunakofaa sana ni kuongezea: ujaze kwanza, halafu uzungushe ukingo mara moja kwa nguvu ndogo. Meno madogo yanayoachwa na kujaza kwenye mikunjo ya S na O yanasafika.

Herufi ya kuchimbwa na herufi ya kusimama

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu mihuri. Mwale una upana wake. Tuseme mm 0.15. Kwenye beji unachimba herufi yenyewe, kwa hiyo mwale unatokeza nje ya ukingo kwa nusu ya upana wake kila upande, na herufi inanenepa. Kwenye muhuri wa mpira unaondoa kila kitu isipokuwa herufi, kwa hiyo mwale unaila herufi pande zote mbili, na inakonda. Mguu wa herufi uliochorwa kwa mm 0.4 utakuwa karibu mm 0.55 kwenye beji, na karibu mm 0.25 kwenye muhuri. Fonti ni ile ile, faili ni lile lile, lakini mguu mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwingine.

Kwa hiyo kwa muhuri chagua uzito wa juu zaidi kuliko unaoupenda kwenye skrini, na herufi zisizo na vikia, yaani vile vijistari vya mwishoni mwa miguu ya herufi. Kwa beji chagua uzito wa kawaida na uachanishe herufi kidogo, maana zikinenepa, matundu ya a na e yanaziba kwanza. Fonti zenye vikia na nywele nyembamba, mfano Times New Roman, ziache mpaka herufi kubwa ifike angalau mm 5. Chini ya hapo nywele zake zinakaribia upana wa mwale wenyewe, na matokeo yanakuwa ya kubahatisha.

Pima kwa milimita. Fonti ya pointi 12 haikupi herufi ya pointi 12. Herufi kubwa inatoka na kimo cha kama mm 3. Mteja wa muhuri anaelewa ukimwonyesha mm 3 kwenye rula.

Na muhuri ugeuzwe kama kwenye kioo. Kila mtu anajua, na bado kila mtu ana mpira mmoja droo ya chini uliochongwa ukiwa unasomeka vizuri.

Mstari mmoja: wa kweli na wa uongo

Fonti za kompyuta tulizozizoea, za TrueType na OpenType, zimejengwa kwa maumbo yaliyofungwa. Haziwezi kubeba mstari mmoja ulio wazi. Kwa hiyo ukipakua fonti ya TrueType inayojiita ya mstari mmoja, mara nyingi ni mstari uliokwenda na kurudi juu ya wenyewe ili umbo lifungwe. Kwenye skrini huoni tofauti. Kwenye mbao utaiona, maana mwale umepita mara mbili na mstari umekuwa mweusi na mnene.

Za kweli zinapatikana kwa njia nyingine. Programu za AutoCAD, za michoro ya kihandisi, zina fonti za SHX, na LightBurn, programu ya kuendesha leza, inazisoma. Inkscape, programu ya kuchorea, inakuja na kiongezi cha Hershey ndani yake, chenye herufi za mstari mmoja. Jina hilo ni la Allen Hershey, aliyezichora herufi hizo kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani huko Dahlgren, Virginia, na kuzitoa mwaka 1967, wakati kompyuta zilikuwa zinachora herufi kwa vijistari vifupi vilivyonyooka. Huo unyoofu ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake. Katika seti yake rahisi ya Kirumi, herufi kubwa ina kimo cha vipimo 21. Ukiichonga kwa mm 3, kipimo kimoja ni kama mm 0.14: kona zote zinamezwa na mwale, na O inaonekana duara safi. Ukiichonga kwa mm 60, kipimo kimoja ni karibu mm 3, na O inakuwa na kona kama nati.

Basi mstari mmoja ni wa vitu vidogo na vya wingi: beji, vibao vya funguo, namba za vifaa vya ofisi, majina kwenye kalamu. Juu ya mm 12 hivi mimi narudi kwenye kujaza.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi waandishi wa Kiswahili. Fonti nyingi za mstari mmoja zina herufi chache sana, na ukinakili maandishi kutoka kwenye simu au Word, ritifaa ya ng' inakuja ile iliyopinda, ambayo fonti haina. Programu hailalamiki, inairuka tu. Niliwahi kuchonga vibao vya funguo 40 vya nyumba ya wageni ya Ng'ambo, Unguja, nikavipanga vizuri mezani, na mwenyewe akaokota kimoja akasoma kwa sauti: "Ngambo." Alikisoma kama kilivyoandikwa. Nilivirudia vyote. Tangu siku hiyo, kila neno lenye ng' naliandika upya kwa mkono wangu, kwa ritifaa iliyonyooka, na nalitazama tena baada ya kuligeuza kuwa mistari.

Herufi ya kukatwa: kubwa au ndogo?

Kukata kuna sura mbili zinazopingana. Kuna kutoboa, ambapo herufi inabaki kuwa tundu, kama stenseli ya kupakia rangi magunia au makreti. Na kuna kukata itoke, ambapo herufi yenyewe ndiyo kitu unachokibandika ukutani.

Katika kutoboa, kila kisiwa kilichozungukwa na herufi kinaanguka: tumbo la a, tumbo la o, matumbo mawili ya B. Katika kukata itoke, visiwa vinaanguka na hakuna hasara, lakini nukta za i na j zinabaki peke yake bila pa kushika.

Tazama "Karibuni". Kwa herufi ndogo baada ya K, kuna visiwa viwili, a na b, na nukta mbili za i. Kwa herufi kubwa, KARIBUNI, visiwa ni vinne: kimoja cha A, kimoja cha R, viwili vya B. Nukta hakuna. Kwa hiyo stenseli naiandika kwa herufi ndogo na naweka vidaraja viwili tu vya kushikilia visiwa. Neno la kubandika ukutani naliandika kwa herufi kubwa, au nachora utepe chini yake wa kuzishika zote. Kiswahili kinalifanya jambo hili kuwa zito kuliko kwa wengine, maana maneno yetu yanajaa irabu. Katika irabu tano za herufi ndogo, a, e na o zina kisiwa, i ina nukta, na ni u peke yake iliyo salama kwa kazi zote mbili. Kwa herufi kubwa, E, I na U zote ziko salama.

Kidaraja kisipungue mm 1.5 kwenye plaiwudi ya mm 3. Na stenseli ya plastiki isiwe ya PVC: ikichomwa na leza inatoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kutafuna vyuma vya mashine.

Fonti za mwandiko wa kuunganika zinataka hatua moja zaidi, ambayo wengi huisahau. Herufi zake zinalaliana pale zinapoungana. Ukikata bila kuziunganisha kuwa umbo moja, mwale unapita pia kwenye ukingo uliofichwa, na jina linatoka vipande vipande. Ukijaza, baadhi ya programu huhesabu pale palipofunikwa mara mbili kuwa ni tundu, na unapata vidoa vyeupe kwenye kila kiungo. Geuza maandishi kuwa njia, yaunganishe, kisha tazama kwa mwonekano wa mistari mitupu kama kuna mstari umebaki ndani.

Nembo iliyotumwa kwa WhatsApp: uifuatishe au uiandike upya?

Andika upya. Karibu kila mara, andika upya.

Picha iliyopita WhatsApp imebanwa, na ukingo wa herufi zake una ukungu. Inkscape itaifuatisha, yaani itageuza picha kuwa njia, kwa kifaa chake cha Potrace ndani ya sekunde chache, na kwa mbali utaridhika. Ikuze. O iliyochapwa kwa fonti nzuri ina nodi (vipointi vinavyoshika mstari) chache tu kila duara. O iliyofuatishwa kutoka kwenye picha mbovu inaweza kuwa na makumi ya nodi zilizotawanyika. Mashine inapunguza mwendo kwenye kila kijikona, na kila inapopunguza, mwale unakaa zaidi na kuchoma kidoa. Kuitafuta fonti inayofanana na kuchapa neno tena kunachukua dakika kumi, na kunakupa ukingo safi. Kufuatisha natumia kwa alama isiyo herufi, mfano simba au jahazi la nembo, na hata hapo namwomba mteja aitume kama faili badala ya picha.

Ukifuatisha mchoro wa mistari myembamba utapata mistari miwili kila mahali, kwa sababu programu inafuata kingo. Inkscape ina chaguo la kufuata mstari wa katikati. Inafaa kwa sahihi ya mkono kwenye tuzo, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoifanyia.

Mbao nazo zina neno lake

Kwa MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, njia zote zinafanya kazi. Msonobari una pete laini na pete ngumu, na laini zinaungua zaidi, kwa hiyo mstari mmoja unaonekana kama umekatikakatika. Hapo jaza, na herufi ziwe nene. Mpingo unapendeza kuuchonga, ni mzito hata unazama majini, lakini ni mweusi na kuungua kwake ni kweusi, herufi hazionekani. Ukitaka kuandika kwenye mpingo, jaza kwa kina, chagua fonti yenye miguu mipana ya mm 1 au zaidi, na uweke rangi nyeupe au ya dhahabu ndani ya mfereji. Mstari mmoja kwenye mpingo ni kazi ya bure.

Programu na faili

Kama tayari unamiliki CorelDRAW na mkono umeizoea, baki nayo. Kwa herufi inafanya yote isipokuwa kukupa mstari mmoja wa kweli kwa urahisi. Kama unaanza, chukua Inkscape: ni ya bure, ina Hershey ndani, na inapanga Kiarabu sawasawa. LightBurn ni ya kulipia, na naitumia kama hatua ya mwisho ya kupanga nguvu, mwendo na mfuatano, kuchonga kwanza na kukata mwisho.

Kabla ya kutuma faili popote, geuza maandishi kuwa njia: Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape, Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Shift+Ctrl+O kwenye Illustrator. Usipogeuza, kompyuta ya fundi isiyo na fonti yako itaweka nyingine, na hutajua mpaka kazi itoke. Lakini hifadhi nakala ambayo haijageuzwa, maana iliyogeuzwa huwezi tena kusahihisha tahajia yake.

Kati ya SVG na DXF, aina mbili za faili za michoro, kwa herufi za kujaza nachagua SVG. DXF kwa kawaida haibebi ujazo, na mara nyingi mikunjo inafika ikiwa imevunjwa vijistari au haijafungwa, na umbo lisilofungwa halijaziki. Ila SVG ina mtego wa vipimo. Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi, Inkscape tangu toleo la 0.92 huhesabu 96. Muhuri wa duara wa mm 40 uliotumwa kwangu na mbunifu mmoja ulifunguka ukiwa mm 30, robo nzima imepotea, na kwa haraka sikupima. Siku hizi namwomba kila anayenitumia faili achore pembeni mstari wa mm 50. Ukisoma 37.5, najua cha kufanya.

Maandishi ya Kiarabu

Nimeyaweka peke yake kwa sababu huku pwani ni kazi ya kila wiki, na kwa sababu milango ya kale ya Mji Mkongwe yenye maandishi kwenye boriti ya juu imetuzoesha kutarajia herufi iliyochongwa kwa heshima. Kazi mbovu hapa inaumiza.

Fonti za Hershey za Inkscape hazikusaidii. Baadhi ya programu zinazokuja na mashine zinaziachanisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto, na neno linakuwa si neno. Andika kwenye Inkscape, geuza, unganisha, ndipo upeleke kwenye mashine. Kuunganisha ni lazima, kwa sababu herufi zinalaliana kwenye kila kiungo.

Halafu amua: kujaza au kukata itoke? Hesabu Bismillahir Rahmanir Rahim. Herufi zinazokataa kuungana na zinazofuata, alifu na ra, zinaigawa katika vipande 9. Ongeza nukta: moja ya ba, moja ya nuni, mbili za ya. Ni vipande 13, bado hujaweka irabu za juu na chini. Ukikata itoke, una vipande 13 vya kubandika mmoja mmoja kwa jicho, na nukta ikisogea kidogo, herufi inakuwa nyingine. Kwa khati ya thuluthi yenye herufi zilizopandana unaweza kumwomba mwandishi wa khati azigusanishe, na hiyo ni kazi yake, si ya programu. Bila yeye, mimi naijaza kwenye ubao mmoja, ukingo nauzungusha mara moja kwa nguvu ndogo, na khati nachagua naskhi yenye miguu minene.

Kabla ya kuwasha mashine naichapa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na kumpa mwenye kazi, au mwalimu wa madrasa akiwa karibu. Anaisoma kwa sauti, anaweka kidole kwenye nukta zote nne, kisha karatasi nairudisha na kuilaza juu ya mbao kupima nafasi.